Maji Aliyomwaga Chepkurui

Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua, na siku ya nne mto ukakataa watu. Lile gogo lililolazwa juu ya maji liwe daraja halikuonekana tena. Watoto wa shamba waliosoma shule ya misheni, ng'ambo, walifika ukingoni, wakatazama maji mekundu yakipita na matawi mazima mazima, kisha wakarudi laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, wakiruka madimbwi kwa furaha. Wote isipokuwa Chepkurui binti Kosgei. Yeye alirudi amenuna, sleti yake ya kuandikia kaificha chini ya sweta isilowe.

"Leo nimekosa, Kogo," alisema mlangoni.

"Umekosa nini?"

"Sasa nitajuaje? Kama ningejua, singekuwa nimekosa."

Kogo Jelagat alicheka mpaka akakohoa. Kogo ni kusema nyanya, na laini nzima ilimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo, hata nyapara, ambaye hakuwa mjukuu wa mtu yeyote aliyejulikana.

"Ingia ufunge mlango. Baridi ya Kuresoi haina adabu, na mama yako ana mtoto mchanga. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina ng'ombe mweupe. Nikimfungia nje, yuko ndani. Nikimfungia ndani, yuko nje."

"Ukungu," alijibu mtoto, hata kiatu hajavua. "Hicho ni cha watoto wa standadi moja, Kogo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yao tangu Chepkurui aingie standadi tatu, mwaka ule wa hamsini na tano. Mtoto alete neno moja la shule, Kogo alipe kitendawili kimoja. Na standadi tatu ilileta mambo nyumbani humo! Ilileta kwamba futi moja ina inchi kumi na mbili, na Kogo akapimwa kwa kamba kutoka kisiginoni hadi utosini akaambiwa yeye ni futi tano kasoro kidogo, jambo lililomkera siku mbili. Ilileta kwamba maji ya mto yana wadudu wasioonekana, kwa hiyo yachemshwe. Ilileta pindo la kitambaa lililoshonwa kwa sindano ya misheni, na Ziwa la Nakuru kuchorwa kwenye sleti likiwa dogo kama jani la chai. Kwamba dunia ni mviringo, hilo Kogo alilirudisha shuleni. "Mwambie mwalimu wako nimeishi juu yake miaka mingi kuliko yeye."

Kilichomchosha ni katekisimu. Chepkurui alimsomea maswali, Kogo akadhani ni vitendawili vya padri.

"Nani alikuumba?"

"Haya, nani?"

"Mungu aliniumba. Nani aliumba mbingu na nchi?"

"Nani tena?"

"Mungu."

"Sasa, hivi ni vitendawili gani, jibu moja kila siku? Huyo padri angekuja kwetu enzi zangu, watoto wangemfukuza motoni."

Roza, mama yake Chepkurui, alikuwa Mkristo wa mwaka mmoja tu, na mzaha huo haukumchekesha. Asubuhi ile alikuwa kitandani, amelala ubavu, amemweka kifuani mtoto wa siku tatu aliyezaliwa mwezi wake wa nane. Alikuwa kitoto kidogo mno, fulana ya dada yake ilimmeza mzima. Baba yao, Kosgei, mwana wa Kogo, alikuwa ametumwa na lori la bwana mwenye shamba kupeleka kondoo Nakuru, na barabara ya matope ilimzuia huko huko.

*

Jua lilipofika utosini, kama lingekuwepo jua, mtoto aliacha kunyonya. Kogo alimchukua, akamwekea sikio mdomoni. Alikuwa amezalisha wanawake wengi, na sauti ile aliijua: kama mtu anayepuliza moto bila nia. Alimfunga tena, akamrudisha kifuani mwa mama yake polepole kuliko alivyomchukua.

Roza alimtazama usoni. "Sema, mama."

"Mpe joto tu."

"Nimekuambia sema."

Kogo akaangalia moto. Hapo Roza akaanza kulia, lakini si kilio cha kuomboleza. Alilia kama mtu aliyefungiwa nje. "Padri! Nani ataniitia padri? Hajabatizwa! Mnamjua mtoto wa yule mpishi, walivyomzika? Nje ya uzio! Pale padri anapanda viazi!"

Kogo alijua. Watu wote walijua. Misheni ilikuwa na makaburi yake nyuma ya kanisa, yaliyozungukwa na nguzo za mtarakwa na waya. Waliobatizwa walilala ndani. Wasiobatizwa walilala nje, na nje palilimwa. Kogo hakuwa na haja na dini ya mkwe wake, lakini uzio ule aliuelewa kuliko Roza mwenyewe. Yeye alikuwa amezika watoto wawili katika shamba hili, kando ya boma la ng'ombe, kama desturi ilivyotaka. Kisha bwana akapanua pareto. Kogo alisimama na jembe mkononi, siku ya kazi, akaliona trekta likipita juu yao mara ya kwanza, likageuka, likapita mara ya pili. Sasa kila mwaka maua meupe yalichanua pale, naye alikuwa mmoja wa waliotumwa kuyachuma.

"Mto haupitiki," alisema. "Hata ndege anafikiria mara mbili."

"Mimi naweza," alisema Chepkurui.

Alikuwa amesimama karibu na mtungi. Kogo akamgeukia. "Unaweza nini? Kuvuka?"

"Kubatiza."

"Wewe? Na kamasi yako hiyo?"

Chepkurui akafuta pua kwa mkono wa sweta. Kisha akaweka mikono nyuma, akanyoosha shingo, jinsi walivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu. "Swali: nani aweza kubatiza, padri asipokuwepo, na mtoto yu katika hatari ya kufa? Jibu: kila mtu aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo, akimwaga maji kichwani na kusema maneno, naye akinuia kufanya linalofanywa na Kanisa." Alivuta pumzi. "Tulifundishwa wiki iliyopita. Ilibidi tuseme mara ishirini."

Roza alikaa kitandani. Machozi yalikoma kama yaliyoamriwa. "Unayajua maneno? Yote?"

"Ndiyo, mama."

"Usikosee."

"Sitakosea. Kogo, nipe maji."

Kogo hakuzoea kutumwa na mtoto, ila aliinuka. Alichota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akasimama nayo pale gizani, akayatazama. Maji matupu. Kwao maji matupu hayampokei mtu. Maji ni ya kunawa miguu, ya kuosha vyombo. Anayebarikiwa hubarikiwa kwa maziwa. Hata msafiri hupewa maziwa kabla ya kuulizwa anakotoka. Mtoto huyu alikuwa msafiri, na safari yake Kogo alikuwa ameisikia kwa sikio lake. Kibuyu kilining'inia ukutani. Alikiinamisha, tone, na tone jingine, na jingine. Hakuona ubaya wowote. Ilikuwa zawadi.

Chepkurui alipiga magoti. Roza akamfunua mtoto kichwa. Kichwa kilikuwa kidogo kama ngumi, na katikati ya utosi ngozi ilipanda na kushuka.

"Jina?"

"Yona," alisema Roza. "Yule aliyetupwa majini akatoka mzima."

Mtoto wa standadi tatu alichukua kikombe. Na hapo ndipo Kogo Jelagat aliona jambo ambalo hakuliweza kulieleza baadaye, hata kwa kitendawili. Uso ule aliouosha kila siku, wenye kovu la moto kidevuni, ulimtoka. Ulibaki uso mwingine, mtulivu, usio na umri. Mkono haukutetemeka. Sauti ilitoka bila haraka, kila neno limesimama peke yake.

"Yona. Nakubatiza. Kwa jina la Baba." Maji yalishuka. "Na la Mwana." Yakashuka tena. "Na la Roho Mtakatifu."

Mvua ilikuwa ikipiga bati, lakini Kogo hakuisikia. Mtoto mchanga alifumbua macho yote mawili, mara moja, akamtazama dada yake. Na Kogo, ambaye hakuwahi kumpigia magoti mtu wala kitu, alijikuta chini, magoti yake kwenye udongo, hajui ameshukaje.

Yona aliishi mpaka alasiri.

*

Asubuhi ya pili yake mto ulishuka, na nyapara Kipkemei akaja amevaa koti la mvua la bwana lililomfika visiginoni.

"Poleni," alisema, akiwa bado nje. "Bwana amesikia. Anasema pole. Anasema pia hakuna kaburi shambani. Serikali haitaki."

"Serikali au yeye?" Kogo aliuliza.

"Kogo, mimi natumwa tu. Na Roza atarudi pareto Jumatatu, isipokuwa akileta karatasi ya daktari."

"Daktari gani? Yule wa kondoo?"

Kipkemei akatazama buti zake. "Mimi natumwa tu," alirudia, na akaondoka akiinua pindo la koti kama mwanamke anayevuka tope.

Kosgei alifika saa tatu, ametembea tangu Molo, matope hadi magotini. Alimkuta mwanawe amefungwa katika kitambaa kile chenye pindo la shule. Alimshika muda mrefu. Walipomweleza alilofanya Chepkurui, alimtazama binti yake kana kwamba amemkuta njiani, mtoto wa watu wengine. Alikuwa amebishana na ndugu zake mwaka mzima kuhusu kumsomesha msichana. Sasa alisema tu, "Basi tumpeleke ndani ya uzio."

Chepkurui hakuwa amekula tangu jana. Kogo alimpa kiazi, naye akakishika mpaka kikapoa. Kogo alimtegea kitendawili kidogo, cha kumchangamsha, na mtoto akasema, "Nimeshindwa," kabla hakijaisha. Hilo halikuwahi kutokea.

"Una nini, mama?" Kogo alimuuliza mjukuu wake.

"Hakuna."

Gogo la daraja lilikuwa limerudi kuonekana, jeusi na lenye utelezi. Walivuka mmoja nyuma ya mwingine. Roza alikataa kubaki. Kosgei alimshika mkono huku amembeba Yona kifuani, ndani ya koti. Kogo alikuja nyuma. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda misheni.

*

Padri Kolumba alikuwa Mwairishi mrefu, na Kiswahili chake kilitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akipima kila hatua. Aliwapokea kwenye ngazi za kanisa, akamfunua mtoto uso, akamwekea ishara ya msalaba. Ilikuwa saa ya mapumziko, na watoto wa shule walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa nyasi, kimya. Mwalimu Dalmas, aliyefundisha standadi tatu, alitoka darasani na chaki vidoleni.

"Nani alimbatiza?" padri aliuliza.

Kosgei akamsukuma binti yake mbele kidogo. Mwalimu Dalmas alishindwa kujizuia.

"Chepkurui? Padri, samahani. Huyu ndiye wa mwisho katika katekisimu. Juzi tu nilimuuliza sakramenti ni ngapi, akasema nane!"

Watoto wakacheka. Chepkurui aliinamisha kichwa. Kogo alimpima mwalimu huyo kutoka viatuni mpaka kwenye tai, akahifadhi maneno yake kwa siku nyingine.

"Sikuulizi za juzi, mwalimu," alisema padri. Alikaa kwenye ngazi, ili macho yake na ya mtoto yalingane. "Chepkurui. Nieleze yote, kwa pole. Ulisema nini?"

Alisema. Kila neno, mahali pake. Watoto hawakucheka tena.

"Ulinuia nini?"

"Kufanya linalofanywa na Kanisa, padri."

"Ulimwaga wakati unasema, au baadaye?"

"Wakati nasema."

"Maji yaligusa ngozi? Si nywele tu?"

"Hakuwa na nywele nyingi."

Padri aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kuinuka. Roza aliachia pumzi. Nyuma ya kanisa Kogo aliziona nguzo za mtarakwa zilivyopangwa, na misalaba midogo ndani, imetulia, majani yamekatwa vizuri. Hapakuwa na alama ya gurudumu.

"Padri," alisema Chepkurui.

"Sema."

"Maji yalikuwa meupe."

Padri akakaa tena. "Meupe namna gani?"

"Niliyaona yakishuka kwenye paji. Yalikuwa na maziwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza maneno, nikaogopa kuyakata." Sauti yake ilianza kuvunjika. "Na mwalimu alisema ubatizo ni mara moja, haurudiwi. Kwa hiyo sikurudia. Sikujua nifanye nini. Nilikosa shule siku ile, labda ndipo mlipofundisha hilo."

Mwalimu Dalmas alisema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "Kwa maziwa haifai. Imeandikwa. Wala pombe, wala maziwa. Maji tu."

Roza akatoa sauti, moja, kama kitu kilichokanyagwa. Kosgei alimkumbatia kwa mkono uliobaki.

Kogo alikumbuka kile kiazi kilichopoa mkononi. Kwa hiyo hiki ndicho kilichomnyima mtoto chakula. Siku nzima, usiku mzima, mtoto wa miaka kumi alibeba kosa la mtu mzima, akijua kwamba akinyamaza ndugu yake atalala ndani, na akisema atalala kwenye viazi. Na alikuwa amesema. Hakuna aliyemuuliza. Kogo mwenyewe angenyamaza. Angenyamaza mpaka kaburini, na kulala usingizi mzuri. Alimtazama mgongo yule mtoto, mifupa ya mabega inayoonekana kupitia sweta, na akaogopa, jinsi mtu anavyoogopa mbele ya mlima.

Akapita mbele. "Ni mimi."

"Mama, nyamaza," alisema Kosgei.

"Sinyamazi. Padri, mimi ndiye niliyechota. Mtoto aliomba maji. Nikaona aibu kumpa mjukuu wangu maji matupu, kama mbwa. Nikaweka maziwa. Yeye hakujua. Kama ni kosa, nizike mimi kwenye viazi vyako, huyo muweke ndani."

Padri Kolumba akaomba, kutoka jikoni kwake, kikombe, mtungi wa maji na jagi la maziwa. Vikaletwa.

"Fanya kama ulivyofanya."

"Mbele ya watu?"

"Tafadhali, mama."

Kogo alishika kikombe. Alichota maji mpaka pale pale. Aliinamisha jagi: tone, na tone, na jingine. Akaacha. "Hivyo."

"Una hakika?"

"Mimi nimekamua ng'ombe tangu sijaota meno ya mbele. Mkono wangu unajua tone."

Padri akapokea kikombe, akakigeuza mwangani, akanusa. Mwalimu Dalmas alichungulia. Padri akafikiri, uso wake umekunjamana, akitafuta maneno. "Mama. Mgeni akija nyumbani kwako. Umpe kikombe hiki. Utamwambia ni maziwa?"

Kogo alishtuka kama aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Mimi? Mimi Jelagat nimpe mgeni hii niseme ni maziwa? Padri, hata adui yangu sijamfanyia hivyo! Atanitangaza mpaka Kericho! Maziwa ni maziwa. Haya ni maji ya kusuuzia kibuyu!"

"Ni maji."

"Ni maji! Nikuambie mara ngapi? Maji! Muulize hata mtoto wa standadi moja!"

Watoto wa shule walipasuka kwa kicheko, na hata Kosgei, aliyembeba mwanawe marehemu ndani ya koti, alikunja mdomo. Padri hakucheka. Alisimama, mrefu, akaweka kikombe chini kwa heshima, kama chombo cha altare.

"Yeye ndiye anayejua maziwa kuliko sisi sote," alimwambia mwalimu Dalmas. "Amesema ni maji. Mimi nakubali. Yona amebatizwa."

Kicheko kilikatika. Roza alikaa chini kwenye nyasi zenye unyevu, akaweka uso mikononi.

Kikaletwa kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, na wino. Mwalimu Dalmas ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo ndiye aliyeandika, akiwa amepiga goti moja kwenye ngazi. Jina la mtoto. Baba. Mama. Siku. Akafika mahali, kalamu ikasimama.

"Aliyebatiza," alisoma, akamtazama padri.

"Andika."

"Wote juu hapa ni mapadri."

"Naona. Andika."

Mwalimu Dalmas akaandika, polepole, akizungusha kila herufi, akianza na jina lake la ubatizo: Ana Chepkurui Kosgei, standadi tatu. Alipomaliza hakufunga kitabu mara moja. Alipuliza wino mpaka ukakauka, kisha akasema bila kuinua macho, "Mimi sikuwahi kubatiza mtu. Miaka kumi na moja nafundisha swali hilo."

Kogo aliomba aonyeshwe jina. Mwalimu akamwekea kidole chini yake. Hakujua kusoma, lakini aliyatazama yale maandishi membamba, meusi, yaliyolala kimya katikati ya majina ya watu wa mbali, mpaka Kosgei alipomgusa bega.

*

Walimzika Yona ndani ya uzio, karibu na kona, chini ya wigo wa waridi aliopanda padri. Kaburi lilikuwa dogo hivi kwamba Kosgei alilichimba peke yake na hakutoka jasho. Padri aliimba kwa lugha isiyo ya mtu yeyote. Chepkurui alitupa udongo wake, akafuta mikono kwenye gauni, na kengele ya shule ikalia.

Alimtazama mama yake. Roza akaitikia kwa kichwa. Mtoto akakimbia, sleti yake mkononi. Hakuna aliyeona aliichukua saa ngapi nyumbani.

Kosgei na mkewe walibaki makaburini. Kogo alitoka nje ya geti, akalifunga, akalitikisa kuona kama limeshika. Kisha miguu ilimpeleka kwenye lile jengo refu la mawe lenye madirisha yasiyo na vioo. Hakuwahi kuona mahali yale maneno yalipotoka kabla ya kufika motoni kwake. Akasimama kando ya dirisha, mkono ukutani.

Ndani, watoto arobaini walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Mwalimu Dalmas alitembea na fimbo chini ya kwapa.

"Nane mara tisa. Chepkurui."

Chepkurui akasimama. "Sabini na nne, mwalimu."

Darasa likaguna. "Sabini na nne!" alisema mwalimu. "Tisa mara nane ni ngapi? Si ni hiyo hiyo? Juzi tumesema mpaka koo zikauma! Simama hapo hapo mpaka uipate."

Kogo alitaka kuingia. Alitaka kumwambia mtu yule: unajua unamfokea nani? Umeandika jina lake kwa mkono wako, leo hii hii! Lakini mwalimu alikuwa ameinua macho na kumwona dirishani. Alisita. Hakumfukuza, wala hakumwonea haya. Alisogea kando kidogo tu, ili mwanamke mzee aweze kuona ubao.

Chepkurui alikuwa amesimama, magoti yake yana udongo wa kaburi. Midomo ilikuwa ikisogea. Vidole vilihesabu ubavuni, vikafika mwisho, vikaanza upya. Darasa lilingoja. Kogo alingoja, amezuia pumzi, kana kwamba mtoto yuko katikati ya gogo juu ya mto.

"Sabini na mbili," alisema Chepkurui.

"Tena."

"Sabini na mbili, mwalimu."

"Wote!"

"Sabini na mbili!" darasa zima likaitikia, na sauti ikatoka kwa madirisha yote pamoja.

Sabini na mbili, Kogo Jelagat alirudia nje, kwa mdomo usio na sauti, hajui ni vitu gani vilivyofika idadi hiyo, wala ni vya nani.